Setilaiti ya dishi lako nayo inazeeka. Mzee wa Mikindani kaniuliza ikifa inazikwa wapi

Fundi wa Mabati (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi madishi hapa Mtwara mjini, mwaka wa 12 huu natembea juu ya mabati ya watu, kuanzia Shangani hadi Naliendele, na korosho zikishalipwa hadi Tandahimba na Newala. Jumapili nilikuwa Mikindani kwa mzee mmoja mstaafu, picha zake zilikuwa zinagandaganda. Nikapanda, nikakuta nyigu wamejenga usoni mwa LNB, kile kichwa mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, udongo wa kutosha kukandika kibanda cha kuku. Nabandua kwa bisibisi, mzee yuko barazani na kikombe chake cha chai, akaniita: "Mwanangu, hicho kidude cha huko juu kinachotuletea picha kina umri gani? Na siku kikifa kinazikwa wapi?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, kile hakifi." Nilidanganya. Kinakufa, na makaburi yake yapo. Nikashuka, nikakaribishwa ming'oko, nikala, lakini swali likanikaa wiki nzima. Kwa hiyo leo namjibu hapa, mjukuu wake atamsomea.

Nianze na dishi lake mwenyewe. Lilifungwa 2003. Bolti za shingoni zimeota kutu hadi zimekuwa kitu kimoja na bomba, ukitaka kulisogeza uje na msumeno. Maana yake kwa miaka zaidi ya 20 linaangalia pale pale: nyuzi 36 mashariki, yaani juu ya ikweta kwenye longitudo ya 36 mashariki, ambapo kwa sisi wa Mtwara ni karibu na utosini, ukiegemea kaskazini na magharibi kidogo. Sasa hesabu waliopita pale. Mei 2000 ilirushwa setilaiti W4 ya kampuni ya Eutelsat, ndiyo iliyokuwa inabeba DStv. Novemba 2009 ikarushwa W7, baadaye ikaitwa 36B. Tarehe 30 Machi 2024 ikaruka 36D kutoka Florida, mgongoni mwa roketi ya Falcon 9, kuja kumrithi 36B. Babu, baba, mjukuu. Dishi la mzee halijasogea hata unene wa ukucha, na yeye anadhani ni kidude kimoja.

Kwa nini wanabadilishana? Wengi tunafikiri mitambo inachakaa. Inachakaa kweli, paneli za jua zinapungua nguvu mwaka hadi mwaka, ila mara nyingi sicho kinachoistaafisha. Inaishiwa mafuta. Setilaiti ya TV ikirushwa leo inapigiwa hesabu ya miaka kama 15, na hesabu hiyo kwa sehemu kubwa ni ya tangi.

Naendelea baadaye, nimeitwa Chuno.

---

Nguli wa Kijiweni

Fundi, heshima yako, lakini hapo umeteleza. Setilaiti iko nje ya mvutano wa dunia, inaelea tu. Kitu kinachoelea kinahitaji mafuta ya nini? Hata mtumbwi ukiutia nanga hauli petroli.

---

Binti Mtanda

Nimevuta mkeka. Lindi tupo.

---

Mzee wa Mabibo

Mleta uzi, wewe ndiye fundi wa kwanza kukubali kwamba ulimdanganya mteja. Endelea kijana, tunasoma.

---

Fundi wa Mabati

Nimerudi. Nguli, nakujibu wewe kwanza maana hapo ndipo wengi tunapokwama.

Mvutano upo. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Basi la Dar na hapa ni kama kilomita 560, kwa hiyo ni safari za kwenda na kurudi zaidi ya 30. Umbali wote huo dunia bado inaivuta, kwa nguvu ya kama asilimia mbili na kidogo ya ile inayokuvuta wewe hapo kijiweni. Haianguki kwa sababu inakimbia ubavuni, kilomita 3 kila sekunde.

Umewahi kulinda ndege kwenye mpunga? Shika teo, tia jiwe, zungusha. Jiwe haliji mkononi kwako na haliendi porini, linazunguka tu, kwa sababu kamba inalivuta na lenyewe lina mwendo. Mvutano wa dunia ndiyo kamba. Kwa umbali ule, mzunguko mmoja unachukua saa 23 na dakika 56, sawasawa na dunia inavyojizungusha. Ndiyo maana ukiwa Mikindani unaiona kama imesimama. Kwa hiyo nanga hakuna pale, mkuu. Ule ni mtumbwi unaopigwa kasia kufuata mkondo, mpiga kasia mahiri hadi ukiwa ufukweni unadhani umetulia.

Kasia ndiyo mafuta. Mwezi na jua navyo vinavuta, vinaipeleka kaskazini na kusini ya ikweta. Na dunia yenyewe si duara kamili, ina vinundu, kwa hiyo inaisukuma mashariki au magharibi. Ukiiacha, itateleza polepole kuelekea nyuzi 75 mashariki, au upande wa pili wa dunia nyuzi 105 magharibi, kama maji yanavyotafuta bondeni. Kampuni zenyewe zimepewa kijisanduku cha anga cha kukaa, sehemu ya kumi ya nyuzi moja hivi kila upande. Ukitoka unaingia kwa jirani.

Kwa hiyo kila baada ya wiki moja au mbili, mtu kwenye chumba cha mitambo huko Ulaya anatuma amri, vijibomba vya gesi vya kuisukuma vinafyatua kidogo, inarudi mahali pake. Setilaiti ya tani tatu inayotumia mafuta ya kemikali inakula kama kilo 50 kwa mwaka kwa kazi hiyo tu. Sehemu kubwa ya kilo hizo inaishia kwenye kupambana na ule mteremko wa kaskazini na kusini.

---

Bodaboda wa Ligula

Mafuta yakiisha si wataona kwenye geji? Mimi yangu geji imekufa tangu 2019, natikisa tangi nasikiliza.

---

Fundi wa Mabati

Bodaboda umegusa penyewe bila kujua. Kule juu huwezi kutikisa. Hakuna uzito, mafuta hayakai chini ya tangi kwa sababu hakuna chini, yananata ukutani na kuelea katikati mabonge mabonge. Geji ya boya haifanyi kazi.

Wanafanya kama mwenye duka anayeandika kwenye daftari. Kila vijibomba vinapofunguka wanaandika vilifunguka sekunde ngapi, wanatoa kwenye hesabu ya mwanzo. Wanapima pia msukumo na joto la tangi wakakisia kilichobaki. Njia nyingine wanalipasha tangi moto kidogo na kuangalia linachukua muda gani kupata joto, maana tangi lenye mafuta linachelewa kama sufuria iliyojaa. Lakini baada ya miaka 15 daftari linakuwa na makosa madogo madogo yaliyojikusanya, na kosa la kilo chache ni miezi ya matangazo. Wakiizima mapema wanapoteza hela. Wakichelewa, haitakuwa na mafuta ya kwenda makaburini.

Na hapo ndipo jibu la mzee. Kabla tangi halijakauka wanabakiza akiba ndogo. Siku ikifika, chaneli zimeshahamishiwa kwa mrithi, wanaifyatua mara ya mwisho na kuipandisha juu zaidi kama kilomita 300. Wanamwaga mafuta yaliyobaki, wanamaliza umeme wa betri ili isije ikalipuka, wanazima redio. Inabaki inazunguka huko maiti, miaka isiyo na hesabu.

Mzee, inazikwa juu. Haishuki.

---

Nguli wa Kijiweni

Nimekubali la teo. Lakini mimi niliona kwenye taarifa ya habari setilaiti zinaanguka baharini. Zile je?

---

Fundi wa Mabati

Zile ni za chini, kilomita mia kadhaa, huko bado kuna hewa nyembamba inayozikwaruza. Zetu za TV ziko mbali mno, kuishusha moja kungehitaji mafuta mengi kuliko kuipandisha kidogo. Ni kama kumbeba marehemu kutoka Newala kwenda kumzika Dar wakati makaburi yako nyuma ya nyumba.

---

Mzee wa Mabibo

Kijana, hii kitu bei gani? Tupe kwa lugha ya korosho, dola mimi hainiingii.

---

Fundi wa Mabati

Bei hutofautiana, lakini ukijumlisha kuitengeneza, roketi na bima, unazungumzia dola milioni mia kadhaa. Tuseme 300. Tuseme dola shilingi 2,500, na korosho mnadani shilingi 3,000 kwa kilo. Inakuja tani 250,000.

---

Mzee wa Mabibo

Tani laki mbili na nusu! Hiyo miaka michache nyuma ilikuwa karibu mavuno ya nchi nzima kwa msimu. Kwa kidude kimoja? Na hakuna gari la kwenda kukitengeneza?

---

Fundi wa Mabati

Gari lipo, tangu juzi juzi tu. Februari 2020 chombo kinaitwa MEV-1 kilikwenda kuidaka Intelsat 901, setilaiti iliyorushwa 2001, iliyokuwa imezeeka ikabakiwa na mafuta kidogo ila mitambo yake bado mizima. Hakikuijazia mafuta. Kiliing'ang'ania mgongoni, kikawa ndicho miguu yake, kikaisukuma kwa mafuta yake chenyewe. Ikarudi kazini miaka kama mitano. Mwaka uliofuata MEV-2 ikaishika Intelsat 10-02 wakati inaendelea kutangaza. Wateja wake hawakuona hata mkwaruzo.

Kabla ya hapo wazee walikuwa na ujanja mwingine. Mafuta yakikaribia mwisho, wanaacha kupambana na ule mteremko wa kaskazini na kusini, maana ndio unaokula sana, wanabaki kulinda mashariki na magharibi tu. Setilaiti inaanza kuyumba, kwa siku inachora namba 8 angani. Kila mwaka inayumba karibu nyuzi moja zaidi. Dishi la bati la nyumbani haliwezi kuifuata, kwa hiyo hiyo si ya TV tena, wanapewa wenye madishi makubwa yenye mota. Ndiyo uzee wenyewe: bado unafanya kazi, ila si ile ya ujanani.

---

Binti Mtanda

Fundi shikamoo. Mimi ninalo moja. Mama ana king'amuzi cha dishi, mvua ikianza tu kuonekana huko baharini, picha hiyo, kwaheri. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 ilikaa siku nzima bila kitu. Lakini jirani yetu ana lile dishi kubwa la zamani la wavu, lake linavumilia. Ni setilaiti tofauti au fundi alitufungia vibaya?

---

Fundi wa Mabati

Marahaba dada. Vyote viwili vinawezekana, ila nianze na kisicho kosa la fundi.

Dishi dogo linapokea mawimbi ya KU, ya urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Lile la wavu la jirani linapokea ya C, sentimita saba na nusu hivi. Tone la mvua nene ni milimita kadhaa, na kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo tone linavyolinyonya na kulitawanya. Wimbi refu linapita kama ng'ombe kwenye mahindi. Hasara yake, C inataka dishi la mita mbili hadi tatu.

Na ujue kinachofika kwenu ni kidogo mno. Transponda moja, yaani mtambo mmoja wa kupokea na kurusha matangazo huko juu, inatangaza kwa wati mia moja na kitu, kama balbu za zamani mbili. Balbu mbili, kilomita 36,000, zinamulika nusu ya Afrika. Dishi la mama linaokota chembe za mwanga huo na kuzikusanya mdomoni mwa LNB. Hakuna cha ziada cha kugawia mvua.

Sasa la fundi. Kama alilenga nusunusu, siku ya jua mama anaona picha safi kwa sababu king'amuzi cha dijitali hakionyeshi chenga: kiko sawa au kimekufa. Aliyelengewa vizuri ana akiba, mvua ndogo inapita. Aliyelengewa nusunusu, wingu tu. Ingia kwenye menyu uangalie ubora wa mawimbi mchana wa jua, usome ubora, achana na nguvu. Kama ni chini ya 60, aliyefunga alikuwa na haraka.

---

Masasi 98

Dishi la wavu! Mmenikumbusha mbali. Kombe la Dunia la 1998 tuliangalia Masasi kwa mfanyabiashara mmoja, dishi lake lilikuwa kubwa kama paa la kibanda, limetengewa uwanja wake na kuzungushiwa uzio wa mbuzi wasilipande. Kuhamisha setilaiti ilikuwa ni vijana wawili kulisukuma, mmoja dirishani anapiga kelele "rudisha! rudisha kidogo! haaapo!" Kiingilio tulilipa. TV za Tanzania Bara zenyewe zilikuwa zimeanza 1994 tu na huku kwetu hazifiki, kwa hiyo tulikuwa tunajua ya Ufaransa kuliko ya Dar.

---

Mlinzi wa Zamu

Fundi, mimi nakesha lindoni, siku za mechi za Ulaya nina TV ndogo. Swali la usiku: hizi setilaiti zinatumia umeme wa jua. Usiku zinatumia nini? Maana saa saba usiku nikiangalia picha ipo.

---

Fundi wa Mabati

Swali zuri sana hili. Usiku wako si usiku wake. Iko mbali kiasi kwamba kivuli cha dunia huwa kinapita chini yake au juu yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka inawaka jua saa 24. Ila kuna misimu miwili, kuzunguka mwezi Machi na mwezi Septemba, jua likiwa juu ya ikweta. Hapo kwa siku kama 45 kila msimu, setilaiti inaingia kivulini kila usiku, mwanzoni dakika chache, katikati ya msimu inafika dakika 70 na ushee. Hapo inaishi kwa betri.

Na kwa ile ya nyuzi 36, kivuli kinaiangukia katikati ya usiku wa huko kwake, ambao kwa saa zetu ni kuanzia kama saa sita na dakika kadhaa usiku hadi saa saba na kitu. Mechi ya Ulaya ya katikati ya Machi inaanza saa tano usiku. Kwa hiyo kipindi cha pili karibu chote unachokiangalia lindoni, mkuu, setilaiti iko gizani, paneli hazina kitu, inakuonyesha kwa betri. 36D ina umeme wa kama kilowati 18, sawa na pasi 18 zinazowaka pamoja. Betri inatakiwa ibebe kazi hiyo, na ifanye hivyo misimu 30 bila kubadilishwa. Ya kwako ya tochi inakaa mingapi?

---

Mlinzi wa Zamu

Miwili, nikiibembeleza.

---

Nguli wa Kijiweni

Sasa kuna zinazokufa changa? Maana unazungumza kana kwamba zote zinafika uzeeni.

---

Fundi wa Mabati

Zipo nyingi tu, na hapo ndipo bima inalia.

W3B ya Eutelsat ilirushwa Oktoba 2010, na Afrika ilikuwa kwenye hesabu yake. Roketi ilifanya kazi yake vizuri. Baada ya kuachana nayo wakakuta bomba la mafuta linavuja. Kesho yake wakatangaza imepotea. Hata siku mbili haikufikisha.

Amos 5 ya Israeli ilikuwa nyuzi 17 mashariki, inatangaza vituo vingi vya Afrika. Ilipanda Desemba 2011, ikapigiwa hesabu ya miaka 15. Tarehe 21 Novemba 2015 ikanyamaza, haikujibu tena. Vituo vikabaki vinatafuta setilaiti nyingine, na mafundi kama mimi nchi mbalimbali tukapata kazi ya kugeuza madishi. Tuseme ukweli, msiba wa setilaiti ni mchango wa fundi.

Ya karibuni ni Intelsat 33e, nyuzi 60 mashariki. Ilirushwa Agosti 2016. Tarehe 19 Oktoba 2024 ikasambaratika vipande vipande. Miaka minane.

Lakini kuna moja naipenda kuliko zote, Galaxy 15, ya huko Marekani. Aprili 2010 iliacha kusikia amri ila haikuacha kutangaza. Ikawa inateleza kuelekea mashariki, redio inawaka, inapita mbele ya nyumba za wenzake, kila jirani anahangaika kujikinga na kelele zake. Kama mlevi wa uraka anayerudi nyumbani akiimba kila mlango. Miezi minane! Desemba mwaka huo ikapoteza mwelekeo wa jua, betri ikaisha kabisa, mitambo ikazimika na kujiwasha upya, na ghafla ikaanza kusikia. Wakairudisha kazini.

---

Kijana wa Stella Maris

Mkuu naongezea. Hizi mpya kama 36D hazitumii tena kemikali kujipandisha, zinatumia umeme wa paneli kusukuma gesi kwa kasi kubwa sana. Mafuta yanayohitajika ni machache mno, kwa hiyo uzito unaobaki wanautumia kwa mitambo ya matangazo. Ndiyo maana yenye tani 5 inabeba transponda 70. Kasoro yake ni msukumo mdogo, kupanda kutoka pale roketi ilipoiachia hadi mahali pake ni miezi badala ya siku.

---

Fundi wa Mabati

Asante kijana, hilo nilikuwa naliruka.

---

Mwalimu wa Nanguruwe

Fundi, nimesoma yote. Nina jambo linanisumbua. King'amuzi changu ni cha Azam, dishi linaangalia magharibi. Kila mwaka mwishoni mwa Machi, kwa siku tatu nne mfululizo, saa tisa alasiri picha inakatika dakika kadhaa halafu inarudi yenyewe. Hakuna wingu, hakuna upepo. Wanafunzi wangu wanasema ni majini ya alasiri.

---

Fundi wa Mabati

Mwalimu, si majini. Ni jua. Na hapa naomba nikiri jambo, maana uzi umeshakuwa mrefu na roho inanisuta.

Azam wako nyuzi 7 mashariki, kwa Mtwara ni magharibi ukipandisha nyuzi 50 hivi. Siku chache baada ya tarehe 20 Machi, jua linaposhuka alasiri, linapita nyuma ya setilaiti ile kabisa ukiangalia kutoka hapa kwetu. Kwa sababu tuko kusini ya ikweta, Machi linakuja baada ya 20, kama tarehe 25 hivi, na Septemba linakuja kabla ya 23, kama tarehe 18. Jua nalo linatoa mawimbi ya redio, kelele tupu. Kwa dakika tano hadi nane dishi lako linaangalia jua usoni, zile balbu mbili zinamezwa. Kwa nyuzi 7 ni saa tisa alasiri, kwa nyuzi 36 ni mchana, saa saba kasorobo hivi. Kesho yake tena, keshokutwa tena, halafu basi hadi Septemba.

Ukitaka kuona mwenyewe: siku hiyo, saa hiyo, angalia kivuli cha LNB. Kitaanguka kwenye ukingo wa chini wa dishi, katikati kabisa, kama mtu kakichora.

Sasa kukiri. Miaka kadhaa nyuma, Machi, nilipigiwa simu na mwenye kibanda umiza, Magomeni. Ilikuwa Jumamosi, mechi ya ligi imeanza saa nane, kibanda kimejaa, na picha imekatika. Nikapanda bodaboda mbio. Nafika, watu wanapiga mabenchi, wengine wanataka hela zao. Nikapanda juu, jua linanichoma kisogo, nikafungua LNB, nikafunga mpya. Nashuka tu, picha ikarudi. Watu wakashangilia, nikabebwa kama mfungaji. Nikalipwa elfu ishirini.

Jumapili, saa ile ile, ikakatika tena. Simu ikaita. Sikupokea.

Wakati ule sikujua habari za jua. Nilijua baadaye, na hapo ndipo nikaelewa la pili ambalo ni baya zaidi: dishi lililolengwa barabara mara nyingi linavumilia jua, ubora unashuka lakini picha inabaki. Lile la kibanda lilizimika kabisa kwa sababu halikuwa na akiba. Na aliyelifunga mwanzoni ni mimi.

---

Mzee wa Mabibo

Heh! Kijana, leo umeamua kuvua shati.

---

Masasi 98

Elfu ishirini ya kivuli cha LNB.

---

Mwalimu wa Nanguruwe

Asante fundi. Septemba nitawatoa darasani wakione hicho kivuli kwenye dishi. Tutaanza tarehe 16 ili tusikikose.

---

Umiza Classic

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mpwa wangu kanitumia, kaniambia "mjomba soma mwisho."

Magomeni. Jumamosi. Mechi ya saa nane. LNB ile mpya bado ninayo kwenye boksi, na ya zamani niliipeleka kwa fundi mwingine akaniambia ni nzima kama ilivyotoka dukani. Jumapili ile nilirudisha viingilio vya watu 40. Nilikupigia simu mara 11.

Kwa hiyo ni wewe.

---

Binti Mtanda

Jamani mkeka wangu uko wapi.

---

Fundi wa Mabati

Ni mimi, kaka. Samahani sana, na naisema hapa hapa hadharani. Elfu ishirini nakurudishia. Na nikukute nikulengee dishi upya kwa kipimo, bila malipo, na bomba lile nilichomee mguu wa tatu maana najua linacheza. Jumamosi asubuhi nije?

---

Umiza Classic

Jumamosi Simba wanacheza, sitaki fundi juu ya paa langu siku ya mechi. Njoo Ijumaa. Na simu nikipiga upokee.